Mfumo wa kompyuta haupunguzi vipimo usipoamriwa kupunguza

Kipimo cha maabara kina kazi moja: kujibu swali ambalo jibu lake litamfanya daktari atibu hivi badala ya vile. Kisipojibu swali la namna hiyo, hata kikifanywa kwa mashine ya kisasa na mteknolojia hodari, kimepoteza damu ya mgonjwa, fedha za mlipaji na muda wa maabara. Hospitali nyingi za Afrika Mashariki zinaachana na mafaili ya karatasi na kufunga mifumo ya kielektroniki ya taarifa za wagonjwa, na moja ya ahadi zinazoambatana na mifumo hiyo ni kwamba itaondoa vipimo vinavyorudiwarudiwa bila sababu. Ahadi hiyo ni ya kweli nusu. Ushahidi wa zaidi ya miaka thelathini, mwingi wake ukitoka Marekani ambako mifumo hii ilianza mapema, unaonyesha kwamba kompyuta yenyewe haipunguzi kitu. Inaweza hata kuongeza, kwa kuwa imerahisisha kuagiza. Kinachopunguza ni uamuzi wa kitabibu uliofanywa na watu, kisha ukawekwa ndani ya mfumo mahali ambapo daktari hawezi kuupita bila kuuona.

Tuanze na ukubwa wa tatizo. Mwaka 2013 watafiti wa Boston walichapisha uchambuzi wa tafiti 42 zilizofanyika katika muda wa miaka 15 kuhusu matumizi ya vipimo vya maabara. Kwa wastani, asilimia 20.6 ya vipimo vilivyoagizwa havikuhitajika. Mpaka hapo hakuna la kushangaza. La kushangaza ni mambo mawili yaliyofuata. Kwanza, vipimo vilivyohitajika lakini havikuagizwa vilikuwa vingi zaidi: asilimia 44.8. Pili, upotevu ulikuwa mkubwa zaidi pale kipimo kilipoagizwa kwa mara ya kwanza, asilimia 43.9, kuliko kiliporudiwa, asilimia 7.4. Takwimu hizi zinavunja dhana mbili kwa mpigo. Dhana ya kwanza ni kwamba tatizo ni wingi tu, hivyo dawa yake ni kukata. Dhana ya pili ni kwamba tatizo ni kurudia tu, hivyo dawa yake ni kuzuia marudio. Shabaha inayostahili ni kipimo sahihi, kwa mgonjwa sahihi, kwa wakati wake, na mfumo wa kielektroniki unapaswa kupimwa kwa kigezo hicho.

Madhara ya kipimo kisichohitajika huchukuliwa kirahisi kwa sababu kuchomwa sindano moja si jambo kubwa. Lakini mgonjwa wa wodini hachomwi mara moja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011, uliowafuatilia wagonjwa 17,676 wa mshtuko wa moyo katika hospitali 57 za Marekani, ulionyesha kwamba mmoja kati ya watano aliingia hospitalini akiwa hana upungufu wa damu, kisha akaupata akiwa kitandani, tena wa kiwango cha kati au kikali. Kwa kila mililita 50 za damu zilizochukuliwa kwa vipimo, uwezekano wa kupata upungufu huo ulipanda kwa asilimia 18. Katika nchi ambako benki za damu huhangaika kutafuta wachangiaji, hoja hii ina uzito wa pekee: ni kazi bure kumtoa mgonjwa damu kidogo kidogo kila asubuhi halafu kuwatafuta ndugu zake waje kumchangia.

Kuna pia madhara ya kihesabu. Viwango vya kawaida vya vipimo vingi hupangwa ili asilimia 95 ya watu wenye afya waingie ndani yake, maana yake mtu mmoja mzima kati ya ishirini ataonekana ana kasoro. Mpime mtu mwenye afya njema vipimo ishirini visivyotegemeana, na uwezekano wa angalau kimoja kutoka nje ya kiwango ni takriban asilimia 64. Jibu hilo la nje ya kiwango huzaa kipimo cha pili, cha pili kikazaa picha ya ultrasound, picha ikazaa rufaa kwa bingwa. Mgonjwa anauza mbuzi kufuatilia ugonjwa uliozaliwa na karatasi ya majibu.

Kwa nini basi daktari aliyesoma haya yote chuoni anaendelea kuagiza? Sababu ni nyingi, na chache kati yake zinatokana na ujinga. Daktari tarajali anaogopa kuulizwa na bingwa kwenye raundi ya asubuhi jibu ambalo hana. Daktari wa zamu ya usiku hajui mwenzake wa mchana aliagiza nini. Majibu ya juzi yamekwama kwenye faili ambalo halionekani, na kupima upya ni haraka kuliko kulitafuta. Mfumo wa kielektroniki ukija, baadhi ya sababu hizi huondoka, lakini nyingine mpya huzaliwa. Itazame skrini ya kuagizia vipimo jinsi inavyopangwa mara nyingi: kuna kifurushi cha vipimo vya mgonjwa anayelazwa, visanduku vyake vikiwa tayari vimewekewa alama, na chini yake kuna sehemu ya kuchagua kipimo kifanyike mara moja au kila siku asubuhi. Daktari aliyechoka anabonyeza mara moja. Tangu hapo picha kamili ya damu na vipimo vya figo vitaagizwa alfajiri kila siku mpaka mgonjwa aruhusiwe, bila mtu yeyote kuuliza tena kwa nini. Zamani uvivu wa kuandika fomu mpya ulikuwa kizuizi fulani, kompyuta imekiondoa.

Jaribio lililozungumzwa sana ni kumwonyesha daktari bei ya kipimo wakati anakiagiza. Mwaka 1990 watafiti wa Taasisi ya Regenstrief mjini Indianapolis waliripoti kwamba bei zilipoonyeshwa kwenye kompyuta, madaktari wa kliniki ya wagonjwa wa nje waliagiza vipimo pungufu kwa asilimia 14 kwa kila ziara. Bei zilipoondolewa, tabia ya zamani ilirejea baada ya muda. Mwaka 2013 hospitali ya Johns Hopkins iliripoti upungufu wa takriban asilimia 8.6 kwa vipimo vilivyoonyeshwa bei, huku vile visivyoonyeshwa vikiongezeka. Wengi wakadhani suala limekwisha. Ndipo mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilipotoa matokeo ya jaribio kubwa zaidi katika hospitali tatu, lililohusisha wagonjwa wapatao 98,500, na kwa ujumla hakuna mabadiliko ya maana yaliyopatikana. Tofauti hizi hazinishangazi. Bei ni taarifa, na taarifa hushindana na hofu, uchovu na mazoea. Daktari anayeogopa kulaumiwa hatabadilishwa na tarakimu pembeni mwa skrini, hasa ikiwa si yeye anayelipa.

Njia ya pili ni kuzuia marudio, na hapa ushahidi una nguvu zaidi, ingawa una mtego wake. Hospitali ya Brigham and Women's ya Boston iliripoti mwaka 1999 kwamba mfumo ulipomwambia daktari kuwa kipimo hicho kimefanyika karibuni, asilimia 69 ya maagizo yaliyopewa ukumbusho yalifutwa. Hata hivyo jumla ya akiba ilikuwa ndogo kuliko ilivyotarajiwa, na sababu mojawapo ni ya kawaida kabisa: zaidi ya nusu ya marudio yaliyofika maabara hayakupitia kwenye kompyuta. Yalikuja kwa njia nyingine, na maabara ikayapokea. Cleveland Clinic baadaye ililinganisha namna mbili za kuzuia. Onyo ambalo daktari angeweza kulipuuza kwa kubonyeza lilifaulu kwa asilimia 42.6. Kizuizi kamili, ambacho daktari asiyeridhika alipaswa kuwasiliana na maabara ili kukipita, kilifaulu kwa asilimia 92.3. Kati ya takwimu hizi mbili pana umbali mkubwa, na kilicholeta umbali huo ni uamuzi wa uongozi kwamba kanuni fulani ni kanuni kweli.

Njia ya tatu ndiyo ninayoiona kuwa na faida kubwa kwa gharama ndogo: kubadilisha kile ambacho mfumo hufanya pale daktari asipochagua kitu. Kampeni ya Choosing Wisely, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2012, ilizikusanya jumuiya za madaktari bingwa ziorodheshe zenyewe mambo ya kuacha. Madaktari wa wodini walisema usirudie picha kamili ya damu na kemia ya damu kwa mgonjwa ambaye hali yake na majibu yake yametulia. Wa wagonjwa mahututi walisema usiagize vipimo kwa ratiba, agiza kwa swali. Hospitali ikizichukua kauli hizo na kuziweka ndani ya mfumo, kinachobaki ni kazi ya siku chache kwa mtaalamu wa kompyuta: ondoa chaguo la kila siku asubuhi, au liishie baada ya siku mbili, toa alama kwenye visanduku vya vifurushi ili kila kipimo kichaguliwe kwa makusudi. Daktari anabaki na uhuru wake wote wa kuagiza. Kilichoondolewa ni agizo linalojizaa lenyewe.

Mambo haya si ya Wamarekani peke yao, na uhusiano wake na Afrika Mashariki ni wa karibu kuliko wengi wanavyodhani. Taasisi ile ile ya Regenstrief, na baadhi ya watafiti wale wale waliopima athari za bei mwaka 1990, walishirikiana na Chuo Kikuu cha Moi cha Eldoret kuanzisha mwaka 2001 mfumo wa kielektroniki katika kituo cha afya cha Mosoriot, mmoja wa mifumo ya mwanzo ya aina yake kusini mwa Sahara. Kutokana na kazi hiyo ilizaliwa programu huria ya OpenMRS, iliyofungwa Eldoret na Rwanda mwaka 2006, ambayo leo ndiyo msingi wa KenyaEMR na UgandaEMR. Eldoret ndiko lilikofanyika jaribio linalotufaa zaidi sisi. Katika kliniki za watu wanaoishi na VVU, kompyuta ilichapa ukumbusho kwa mgonjwa ambaye muda wake wa kupimwa CD4 ulikuwa umepita. Kwa mujibu wa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011, wahudumu waliopata ukumbusho waliagiza kipimo kwa asilimia 53 ya wagonjwa hao, na wasioupata kwa asilimia 38. Kwa hiyo mfumo huo huo unaoweza kuzuia kipimo cha ziada unaweza kudai kipimo kilichosahauliwa, na hospitali inayotumia upande mmoja tu imenunua nusu ya chombo.

Kwa mazingira yetu ningeanza na kanuni chache ambazo msingi wake ni wa kibaiolojia, maana hizo hazina ubishi. Mfano wa wazi ni malaria. Vipimo vya haraka vinavyotumika sana Afrika hutafuta protini ya kimelea iitwayo HRP2, na protini hiyo hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Mtoto aliyepimwa zahanati, akakutwa na malaria na kumaliza dozi ya dawa mseto, akirudi na homa baada ya siku nane, kipimo cha haraka kinaweza kusoma chanya hata kama hana kimelea hata kimoja kilicho hai. Anapewa dozi nyingine ya malaria, na nimonia yake inaendelea. Mfumo unaokumbuka ungemwambia tabibu mambo mawili kwenye mstari mmoja: chanya siku nane zilizopita, dawa imetolewa, pima kwa hadubini. Kanuni ya namna hiyo huondoa kipimo kibovu na kuleta kizuri mahali pake. Vivyo hivyo kwa HbA1c ya mgonjwa wa kisukari, inayosoma sukari iliyoshikamana na chembe nyekundu za damu: chembe hizo huishi siku 120 hivi, kwa hiyo kukirudia kipimo hiki baada ya wiki tatu, kwa kawaida, ni kusoma historia ile ile. Nacho kipimo cha Widal kikifanywa mara moja peke yake hakitoshi kuthibitisha homa ya matumbo, kwa sababu kingamwili zinaweza kuwa za maambukizi ya zamani. Hapo mfumo unapaswa kumuuliza mwagizaji kwanza kama hospitali ina uwezo wa kuotesha damu.

Eneo lenye mavuno makubwa zaidi pengine ni rufaa. Mgonjwa anatoka hospitali ya wilaya kwenda ya mkoa, kisha ya kanda, na kila mlango anaanza upya: dirisha la malipo, namba mpya, sindano mpya, majibu yale yale. Hapa wahenga waliposema mali bila daftari hupotea bila habari walikuwa wamegusa nusu ya jambo. Daftari sasa lipo, tena la kielektroniki, lakini kila hospitali ina lake na la jirani halisomeki. Mifumo miwili isiyozungumza inazalisha vipimo vya marudio kwa ufanisi ule ule wa karatasi. Ndiyo maana swali la kwanza kwa muuzaji wa mfumo liwe hili: daktari wa hospitali inayopokea rufaa ataonaje majibu ya hospitali iliyoituma?

Pingamizi la kwanza litakuwa kwamba tatizo letu ni uhaba wa vipimo, si wingi, na kuzungumzia kupunguza ni kuiga matatizo ya matajiri. Nusu ya pingamizi hili ni kweli, na ile asilimia 44.8 inaliunga mkono. Lakini uhaba ndio unaofanya upotevu uume zaidi. Vitendanishi vilivyotumika kumpima kila siku mgonjwa aliyetulia ndivyo vitakavyokosekana mwisho wa mwezi kwa mama mjamzito mwenye kifafa cha mimba. Hospitali yenye bajeti kubwa inaweza kuvumilia upotevu. Isiyo nayo inaulipia kwa vipimo vya lazima vilivyokosekana.

Pingamizi la pili ni la usalama na uhuru wa daktari, nalo si la kupuuzwa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2010, uliohusu kizuizi cha kompyuta dhidi ya kuchanganya dawa mbili, ulisimamishwa kabla ya wakati baada ya wagonjwa wanne kucheleweshewa matibabu waliyohitaji. Kizuizi kilifanya kazi, na kikadhuru. Wakati huohuo maonyo mepesi yakizidi, madaktari huacha kuyasoma: mapitio ya tafiti ya mwaka 2006 yalikuta maonyo ya usalama wa dawa yakipuuzwa kati ya asilimia 49 na 96. Funzo la pande zote mbili ni kiasi. Kizuizi kamili kiwekwe kwa vipimo vichache tu ambavyo kurudiwa kwake hakuna maana, kisiguse wagonjwa wa dharura na mahututi, na kiwe na namba ya simu ya maabara inayopokelewa saa zote. Maonyo yahesabiwe kila mwezi. Onyo linalopuuzwa karibu kila mara lifutwe, maana linachofundisha ni kupuuza.

Pingamizi la tatu ni kwamba majibu ya maabara nyingine hayaaminiki. Wakati mwingine ni kweli, na daktari anayeona jibu lisilolingana na mgonjwa aliye mbele yake ana wajibu wa kulirudia. Dawa ya hilo ni kuonyesha pamoja na jibu jina la maabara, tarehe, mashine iliyotumika na kama maabara hiyo imethibitishwa kwa kiwango cha ISO 15189. Mashaka ya jumla kwa kila jibu lililotoka nje hayawezi kuitwa tahadhari ya kitabibu.

Pingamizi la nne husemwa kwa sauti ya chini: vipimo ni mapato. Hospitali inayolipwa kwa kila huduma, iwe na bima au na mgonjwa mwenyewe, hupoteza fedha inapopunguza vipimo, na hakuna programu itakayoshinda motisha ya namna hiyo. Kwa kuwa Tanzania ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na Kenya ikaanza kutumia Mamlaka ya Afya ya Jamii mwaka 2024, wakati wa kulisema hili ni sasa. Malipo kwa kila mgonjwa anayelazwa, kulingana na ugonjwa wake, yanaipa hospitali sababu ya kuuliza kama kipimo kinahitajika. Hatari yake ni kupima pungufu, na ndiyo maana vikumbusho vya vipimo vilivyosahauliwa lazima viende sambamba na vizuizi. Kanuni zenyewe zitungwe na madaktari na wataalamu wa maabara. Zikiachiwa kitengo cha madai cha bima peke yake, wodi itaziona kama ubahili na kuzikwepa, na njia ya kuzikwepa inajulikana: fomu ya karatasi. Umeme ukikatika fomu ni halali. Ukirudi, agizo liingizwe kwenye mfumo kabla majibu hayajatoka.

Kwa hiyo hospitali inayojiandaa kutangaza zabuni ya mfumo, au inayotumia GoTHOMIS, KenyaEMR au mwingine wowote, iunde kwanza kamati ndogo ya daktari, mteknolojia wa maabara, muuguzi na mtu wa mfumo. Kamati hiyo ifanye mambo manne katika mwaka wa kwanza: iondoe maagizo ya kila siku yasiyo na kikomo, ifanye majibu ya awali yaonekane kwenye skrini ile ile ya kuagizia, iweke vizuizi visivyozidi kumi vyenye msingi wa kibaiolojia, na iweke vikumbusho vya vipimo vinavyosahauliwa mara nyingi zaidi. Kisha ipime matokeo kwa hesabu ya vipimo, na vilevile kwa siku za kulazwa, wagonjwa wanaorudi na vifo, ili ijulikane kama akiba imepatikana bila kumdhuru mtu. Hospitali isiyo tayari kuunda kamati hiyo isitarajie akiba yoyote ya vipimo kutoka kwa mfumo wake, hata uwe wa bei gani.